Kibao cha Mwalimu Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na shule kama sisi, aliishi mjane mmoja, Bi Digidigi. Miguu yake myembamba, mwili wake kiganja tu, lakini akili yake! Alikuwa na watoto wawili, Sena na Tindo. Sogeeni karibu, maana hadithi yangu ya leo haina kicheko kingi.

Mfalme Simba aliamuru watoto wote wafundishwe Kisimba. Si jambo baya. Nani hataki mwanawe aongee na mfalme? Kazi akapewa Fisi, kwa kuwa alikuwa amekula makombo ya Simba miaka mingi na ngurumo alizijua.

"Semeni: Rrrumm!"

"Rrrumm!" watoto waliitikia kwa vijisauti vyao.

Mwalimu huyo alikuwa na kibao cha mti chenye vijiti vinavyogongana, ko, ko, ko. Mtoto aliyeteleza akasema lugha ya kwao alivishwa shingoni, na fundo la kamba yake likakazwa kisogoni, mahali asipoweza kufikia. Aliyekutwa nacho jioni alibaki kufagia darasa, kisha akarudi kwao peke yake. Tena asithubutu neno la kwao mpaka afike mlangoni! Na njia ilikuwa moja tu, katikati ya nyasi ndefu.

Siku moja Sena alijikwaa darasani. "Mama wee!" akalia, kwa Kidigidigi. Akavishwa kibao.

Jioni hiyo hakurudi.

Bi Digidigi alihangaika nyumba hadi nyumba. "Jirani, hukumsikia mwanangu akipiga mbinja? Sisi tukiona hatari tunapiga mbinja, zwii! zwii!"

"Mbinja? Hapana," alisema Mama Kanga. "Nilisikia kingurumo chembamba huko nyasini. Rrrumm, rrrumm. Nikacheka, nikasema mtoto wa watu anajisomea."

Bi Digidigi akakaa chini palepale. Mwanawe aliita msaada kwa Kisimba, kama alivyofundishwa, na hakuna aliyejua kuwa anaita.

Asubuhi alipita ile njia na kuokota mfupa mmoja mdogo. Akaufunga kwa jani la mgomba, akaufukia kizingitini. Kulia, alilia mpaka sauti ikakauka.

Tindo aliporudi kutoka shuleni alimkimbilia mama yake. "Mama, kibao kipo. Kimetundikwa kwenye msumari wake."

"Kibao kipi?"

"Kile alichoondoka nacho Sena."

Mama akawaza. Sena aliondoka nacho shingoni. Basi nani alikirudisha? Akakumbuka kwamba Chui hulala kwenye nyasi zile, na kwamba Mwalimu siku hizi ananenepa. Ko, ko, ko! Kumbe kile kilikuwa kengele ya kumwita Chui mezani, na makombo yakawa ya Fisi!

Tangu siku hiyo Tindo hakusema lugha yoyote, si ya shule, si ya nyumbani. Mama yake akaona wazi kwamba asipofanya jambo, atabaki peke yake.

Ikafika siku ya wazazi. Simba mwenyewe alikuja, akaketi mbele. Bi Digidigi akainuka, kifurushi mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama Tindo."

"Naomba kuuliza. Sheria ya kibao ni ya watoto peke yao?"

Fisi akamtupia Simba jicho, akatoa kifua. "Ni ya kila aliyemo humu ndani! Hata mimi!"

"Ahsante. Mimi ni maskini, nimeleta kizawadi tu."

Akafungua jani. Harufu ikapanda puani mwa Fisi. Mate, tiririri! Miguu ikacheza yenyewe, na kabla hajajizuia: "Hii-hi-hi-hiii! Mfupa! Nipe, nipe!" Kifisi kitupu, mbele ya mfalme na wazazi wote.

Simba akakunja uso. "Mvisheni kibao."

Bi Digidigi alilikaza lile fundo mwenyewe, kisogoni.

Saa ya kwenda nyumbani ikafika. Fisi akafagia darasa, akafagia tena, akafagia na ua. "Ewe Mtukufu," akasema mwishowe, "niruhusu nilale hapahapa. Njia ile jioni… haifai."

"Haifai?" aliuliza Bi Digidigi. "Mbona watoto wetu wanapita? Ina nini, Mwalimu? Tuambie, kwa lugha yoyote."

Fisi akafumbua mdomo, akaufumba. Wazazi wakatazamana, na wote wakaelewa.

"Sheria ni sheria," alisema Simba. "Nenda."

Akaenda. Ko, ko, ko. Nyasi zikatikisika, na Chui, aliyezoea kurukia ile sauti bila kutazama, akaruka. Grup!

Fisi alilia kwa Kisimba, akalia kwa Kifisi. Safari hii kila mtu alisikia vizuri sana, na hakuna aliyeinuka.

Bi Digidigi aliuchukua mfupa wake, akaufukia tena kizingitini. Alikuwa ameshinda, lakini sahani ya Sena ilibaki imefunikwa, bila mlaji. Ndipo nyuma yake akasikia kitu chembamba, chenye kukwaruza.

"Zwi…"

Alikuwa Tindo, anajaribu mbinja. Haikutoka sawasawa.

"Tena, baba," mama alimwambia, machozi yakimtiririka. "Tena."

Basi kumbukeni, wanangu: mfundisheni mtoto lugha ya wageni, lakini msimnyang'anye ile anayomwitia mama yake.