Koki Bubu

Gizani jikoni, kifuniko cha sufuria kilikuwa kikitetemeka juu ya maharage, kama meno ya mtu aliyenyeshewa. Umeme ulikuwa umekatika mara tu jua lilipotua, na kibatari kilikuwa hakijapatikana. Watoto walikaa mkekani karibu na Bibi Nambike, wote isipokuwa Nietiwe. Yeye alikaa peke yake kando ya gunia la mkaa. Aliletwa Jumapili, mama yake alipokwenda Tanga kutafuta kazi.

"Bibi, huyu Nietiwe anaringa," alisema Sekiete. "Kila siku tunamwita kucheza, hajibu. Sasa na sisi hatumwiti tena. Abaki na maringo yake."

Nietiwe alizidi kujibanza kwenye gunia.

Bibi alifunua sufuria, akakoroga, akafunika. "Koki bubu huvunja ujirani," alisema.

"Koki inasemaje, Bibi? Ina mdomo?" Watoto wakacheka.

"Mdomo haina, ila shingo inayo. Na nyingine shingo yake imefichwa ndani. Sogeeni niwaambie methali hiyo ilikotoka. Wewe Nietiwe, ukipenda kubaki hapo hapo, baki. Sauti yangu itakufikia."

Akasimulia.

Methali hii imetoka kijiji cha Ivugha, huku huku milimani kwetu Upare. Kabla ya mabomba, Ivugha waliishi kwa maji ya ndiva, lile bwawa dogo la udongo linalokinga maji ya kijito ili yagawiwe mashambani kwa zamu. Tundu la ndiva lilizibwa kwa mti mrefu. Mti ukisimama, maji yamefungwa. Ukilazwa ukingoni, maji yamefunguliwa. Mtu aliweza kuwa shambani, mbali kabisa, akainua macho tu akajua.

Na mti ule ulikuwa na lugha nyingine. Asiyetokea kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, alinyimwa maji. Hakuna aliyekwenda kumwambia. Zamu yake ilifika, akatazama juu, akaona mti umesimama, akaelewa. Na aliyeadhibiwa hakuuliza. Alikaa kimya mpaka aitwe. Kuuliza kulihesabiwa ni ukaidi.

Yakaja mabomba. Kijiji kilichimba mitaro, na fundi bomba mmoja aitwaye Kallaghe, mtu wa maneno mengi, akaitisha mkutano pale kwenye ndiva. Alitandika gunia chini, akaweka juu yake koki mbili kubwa za chuma, zile ambazo mafundi huziita geti valvu. Ndani yake mna kibao cha chuma kinachoshuka kuziba bomba na kupanda kuliachia.

"Wazee wangu, na akina mama, leo mnachagua mchumba," alisema Kallaghe. "Hawa mabinti wawili kazi yao ni moja. Kufunga kabisa au kufungua kabisa. Hawawekwi nusu. Ukiwaweka nusu, maji yatakigongagonga kile kibao mpaka kiliwe. Tofauti yao ni hii hapa."

Akazungusha gurudumu la koki ya kwanza, na chuma chembamba chenye meno ya skrubu kikapanda katikati ya gurudumu, kikasimama kama shingo ya kuku aliyeshtuka. "Huyu ana shingo. Ukimfungua, shingo hupanda. Ukimfunga, huzama. Ukimwona tu umeshajua. Shida yake anataka chemba ndefu, yaani kisanduku cha saruji cha kumfunikia, na shingo ipakwe grisi isile kutu."

Akazungusha ya pili. Gurudumu lilizunguka, na hakuna kilichopanda wala kushuka. "Huyu wa pili kila kitu kiko ndani. Anakaa kwenye chemba fupi, kifuniko juu, safi. Ila ni bubu. Hata mimi fundi nikimkuta, sijui amefungwa au yuko wazi mpaka nimguse."

Mzee Senkoro, mwenyekiti wa kamati ya maji, alisimama na fimbo yake.

"Fundi, hebu rudia. Hii ya kwanza, ikisimama, maji yanafanya nini?"

"Yanapita, mzee."

"Yanapita! Jamani, mmemsikia? Tangu babu zetu, hapa Ivugha kitu kikisimama, maji yamefungwa. Leo tuletewe chuma kinachosimama huku maji yanapita? Si tutagombana kila asubuhi? Hiyo ni koki mwongo."

"Mzee, mtu huzoea," alisema mama mmoja kutoka nyuma.

"Utazoea wewe, macho yako bado mapya! Sisi tutakufa tumechanganyikiwa."

Watu wakacheka. Kallaghe naye akacheka, lakini akasema, "Mimi nimeshawaambia. Ile nyingine ni bubu."

"Afadhali bubu kuliko mwongo," alisema Mzee Senkoro. Maneno yale yaliwapendeza watu, wakapiga makofi, na koki bubu ikachaguliwa.

Basi ikawekwa kwenye tawi la bomba linalopanda mgongo wa mlima. Huko juu ilikuwapo nyumba moja tu, ya mjane aitwaye Nakijwa. Chemba ya koki ilijengwa chini ya mteremko, uani kwa jirani yake Naetwe, na ufunguo wa kifuniko akapewa Naetwe autunze.

Nakijwa na Naetwe waliolewa Ivugha mwaka mmoja. Walilima pamoja, wakabebeana watoto, chumvi ya huyu ikiisha ilikuwa imeisha kwa wote wawili. Lakini mwaka ule wa mitaro, mume wa Nakijwa alifariki. Binti yao alikuwa ameolewa mbali. Matanga yalipokwisha, watu walirudi kuchimba, na Nakijwa hakuweza. Alishika jembe, mikono ikakataa. Hakutokea msaragambo hata mara moja. Hakuna aliyemlaumu. Lakini pia hakuna aliyemwambia kwamba halaumiwi.

Maji yalifika kwake, akashukuru. Kisha masika ikaja, bomba likapasuka kule bondeni. Kallaghe akaja, akaifunga ile koki, akaziba palipopasuka, akaifungua tena, akaenda zake kwenye kijiji kingine. Naetwe hakuwapo, alikuwa sokoni, ufunguo amemwachia mtoto wake. Aliporudi aliambiwa tu kwamba bomba limepona. Akadhani koki bado imefungwa, akaona ni wajibu wake kumfungulia mwenzake. Akainua kifuniko cha chemba, akashika gurudumu, akalizungusha. Likazunguka, likazunguka, mwisho likagoma. "Sasa limefunguka lote," alisema, akafunika. Bomba lake mwenyewe lilikuwa linatoa maji, kwa kuwa lilichukua maji kabla hayajafika kwenye koki.

Kumbe alikuwa amemfungia.

Huko juu, Nakijwa alifungua bomba, likakohoa hewa, likanyamaza. Siku iliyofuata, kimya. Alishuka mpaka anapoiona chemba uani kwa Naetwe. Hakukuwa na mti wa kutazama. Kulikuwa na kifuniko tu, safi, kimefungwa. Akakumbuka mitaro ambayo hakuichimba. Akajua ameadhibiwa, na kwamba aliyetumwa kumfungia ni Naetwe, maana ufunguo anao yeye. Na aliyeadhibiwa haulizi.

Akaanza kushuka korongoni na ndoo alfajiri, kwa njia inayopita nyuma ya jiko la Naetwe. Naetwe aliusikia mshikio wa ndoo ukilia.

"Wifi, hebu niambie," alimwuliza mke wa kaka yake, "mtu mwenye maji uani anafuata nini korongoni?"

"Anafuata maringo," alijibu wifi yake. "Ameona ufunguo umepewa wewe, roho imemuuma. Anayakataa maji yanayopita kwako."

"Nikamwulize?"

"Umwulize wewe? Mwenye neno si ana mdomo? Mwache!"

Naetwe akamwacha. Nakijwa naye alipopita akatazama chini. Mwanzo waliacha kuombana chumvi. Baadaye wakaacha kusalimiana. Jioni Nakijwa aliwasha moto wa mtu mmoja, akapika ugali wa mtu mmoja, akakaa mlangoni kutazama moshi wa jikoni kwa Naetwe. Na Naetwe, akichuma mboga, alitazama moshi ule mwembamba wa juu, akasema moyoni, "Haya, kama hanitaki." Hawakuwa mbali. Mmoja angekohoa, mwenzake angesikia.

Kiangazi kilipokauka sana, Nakijwa aliona hawezi tena. Akafunga godoro lake, akaweka kuku kwenye tenga, akashuka kwenda kuishi kwa kaka yake tambarare, karibu na reli. Alipopita kwa Naetwe alipunguza mwendo. Pazia la dirisha lilitikisika. Naetwe alikuwa nyuma yake, anangoja aagwe. Nakijwa alikuwa njiani, anangoja mtu atoke. Kuku akalia tengani. Nakijwa akaendelea kushuka.

Vuli ilipokaribia, Kallaghe alirudi kukagua. Akainua kifuniko, akajaribu gurudumu, akainua uso.

"Mama, nani ameifunga hii?"

"Haijafungwa," alisema Naetwe. "Niliifungua mwenyewe ulipotengeneza bomba. Nilizungusha mpaka ikagoma."

"Ulizungusha upande upi?"

Naetwe akaonyesha kwa mkono hewani. Kallaghe aliufuata mkono ule kwa macho. Mwisho akasema polepole, "Mama, mimi niliiacha wazi."

Akazungusha kinyume. Maji yakavuma ndani ya chuma, yakapanda mlima.

Naetwe akasimama akiwa ameshika kanga yake kifuani. Kisha wote wawili wakasikia, kule juu kwenye nyumba tupu, maji yanaanguka. Naetwe akapanda mbio. Alikuta bomba la Nakijwa limeachwa wazi kabisa, na chini yake ndoo imetegwa. Ndani ya ndoo mlikuwa na majani makavu na utando wa buibui, na maji yalikuwa yakiyainua.

Mwenye maji hufunga bomba lake. Anayeliacha wazi na ndoo chini ni yule anayengoja. Naetwe alielewa kwamba mwenzake alikuwa akingoja kila siku, mpaka siku alipoondoka, na hata alipoondoka hakuiondoa ndoo. Akaketi chini uani pale, akalia, na hakukuwa na mtu wa kumsikia.

Kesho yake alishuka tambarare. Alimkuta Nakijwa uani kwa kaka yake, anapukuchua mahindi peke yake. Nakijwa hakuinuka.

"Umekuja kuniita?" aliuliza. "Adhabu imekwisha?"

"Adhabu gani, Nakijwa?"

"Usinifanye mtoto. Sikuchimba mtaro. Mkanifungia."

"Mimi nilikufungia. Kwa mkono wangu huu, huku nikidhani nakufungulia. Ile koki haisemi."

Nakijwa akaacha mahindi. "Kwa hiyo kijiji hakikunihukumu?"

"Kikuhukumu kwa lipi? Sehemu yako ya mtaro niliichimba mimi. Kila siku nilichimba yangu, halafu yako. Nilidhani unajua."

"Ningejuaje? Hukusema, Naetwe."

"Na wewe hukuuliza."

"Niliogopa kujibiwa," alisema Nakijwa.

Wakakaa. Treni ikapita, wakangoja ipite.

"Yanatoka kweli?" aliuliza Nakijwa.

"Yanatoka. Nilitupa majani, nikaisugua ile ndoo, nikaijaza."

Hakurudi siku ile. Alisema amechoka, aachwe afikiri. Naetwe akapanda mlima peke yake, na kila jioni alitazama nyumba isiyo na moshi. Lakini mvua za kwanza za vuli zilipolainisha udongo, asubuhi moja mtu alisimama katikati ya ua wake, si nyuma ya jiko, akapaza sauti: "Naetwe! Nimerudi, na nina njaa!"

Mzee Senkoro aliposikia yote aliitisha mkutano mwenyewe. "Nilimtetea bubu," alisema, "na bubu amewatenganisha watu wangu huku nikimsifu. Fundi, tuletee yule mwenye shingo." Chemba ikainuliwa, shingo ikapakwa grisi. Wazee walihangaika kuzoea, wakiuliza kila asubuhi, "Imesimama, sasa ni heri au shari?" na vijana wakiwajibu, "Ni heri, babu, yanapita!" Na tangu hapo, watu wa Ivugha wakiona wawili wamenuniana bila kuambizana sababu, husema neno moja tu.

Bibi Nambike alifunua tena sufuria, akakoroga.

"Moyo uliofungwa na moyo ulio wazi, kwa nje yote ni kifuniko," alisema. "Ulio wazi hudhaniwa umefungwa, na wenye kiu hudhaniwa una maji. Ndiyo maana wakasema, koki bubu huvunja ujirani."

Sekiete alijikuna kichwa. Kisha akasogea, akaacha nafasi mkekani, akageukia upande wa gunia la mkaa ingawa hakuweza kuona uso wa mtu.

"Nietiwe," alisema, "una nini?"

Walingoja. Hakuna aliyecheka.

"Namtaka mama yangu," Nietiwe alisema.