Nondo Mchungwani na Kikapu cha Malimbuko

Mwenye masikio na ayatege. Mwenye shamba na ayatege yote mawili.

Huko Muheza, mjane Damari alikuwa na watoto watatu waliochukiana kama Kaini alivyomchukia nduguye. Mhina alijaliwa jicho kali, Loisi subira, Kiondo moyo wa kutoa. Shamba la machungwa la marehemu baba yao walililima kila mtu upande wake.

Akaingia nondo, kipepeo mdogo wa usiku, rangi ya jivu. Machungwa yakageuka manjano kabla ya wakati, yakaanguka, na ndani mna funza. Nao kila walipookota yaliyooza, waliyarusha upande wa ndugu. "Pokea urithi wako!" Hivyo wakampanda adui kwa mikono yao wenyewe.

Mwaka uliofuata Damari hakupata hata chungwa moja la kupeleka madhabahuni. "Baba yenu aliwaachia bustani," alilia, "nanyi mmeifanya kaburi!"

Wakaona haya. Mhina akachunguza hata akaona mayai kwenye maganda. Ndiye aliyetambua kuwa tunda lililoanguka huzaa nondo wapya.

Loisi akayaokota yote, kila asubuhi kwa miezi saba, akayafukia katika mashimo ya kina cha kiuno.

Bado nondo walirudi, kwa kuwa walijificha katika mipera ya Kiondo, mali yake pekee. Kiondo akanoa shoka, akaikata yote.

Msimu ule machungwa yakatoka mazima.

Basi, kwa desturi ya ukoo wao, abebaye kikapu cha malimbuko hadi madhabahuni ndiye mrithi wa shamba zima. Damari alikishika mlangoni mwa kanisa.

"Bila jicho langu mngekuwa mnarushiana funza hadi leo," alisema Mhina, akinyoosha mkono kukipokea.

"Jicho lina malengelenge?" Loisi akamkunjulia viganja. "Tazama haya!"

"Malengelenge hupona, dada. Mipera yangu je?" Kiondo naye akanyoosha mkono.

"Kazi ilifanywa na shoka, bwana mdogo," Mhina akacheka.

"Na chungwa bovu la kwanza lilirushwa na nani, kaka?" Kiondo akamwuliza.

Mhina akainamisha uso. Lakini mkono hakuurudisha.

Damari aliwatazama, wote wa tumbo lake. Akiligawa shamba, kila mtu atarudi upande wake, na machungwa yatarushwa tena. Kengele ikalia mara ya mwisho.

Enyi msikilizao, mikono mitatu imenyooshwa, na kikapu kina kishikio kimoja. Je, wewe ungemkabidhi nani?