Muhuri wa Mzee Mbaruku

Duka la samani la Mzee Mbaruku pale Korogwe lilishanyoa watu wengi pesa zao, ila Zuwena alikuwa hajaingia. Siku aliyoingia, harusi yake ilikuwa Jumamosi iliyofuata, na karatasi ya bei kwenye kitanda alichokitaka ilisema laki mbili. Akatoa laki mbili. Mzee Mbaruku akacheka.

"Bado, mwanangu. Kuna ada ya kukifungua, ada ya kukifikisha mlangoni, na ada ya misumari. Elfu sitini."

"Mbona karatasi haikusema?"

"Karatasi haina mdomo. Lipa, au ukalale mkekani na bwana'ko."

Zuwena akatoa elfu sitini za gauni lake, akaziweka mezani taratibu.

"Sawa, baba. Ila mama mkwe atasema nimezila. Niandikie risiti, kila ada na jina lake, utie na muhuri."

"Muhuri nao elfu mbili."

"Andika na hiyo," Zuwena akaongeza elfu mbili mezani. "Halafu nikupige picha ya kumbukumbu, umeegemea kitanda."

Mbaruku akaandika, akagonga muhuri, akatabasamu kwenye simu huku karatasi ya bei ikining'inia ubavuni mwake.

Zuwena akakunja risiti. "Ofisi ya kutetea walaji iko njia ipi, baba? Bei uliyotangaza ninayo kwenye picha. Uliyonitoza ninayo kwa mwandiko wako."

"Na mama mkwe?"

"Marehemu, mwaka wa tano huu."

Kabla ya adhuhuri kitanda kilifika kwa Zuwena pamoja na bahasha ya elfu sitini na mbili. Aliyekibeba, akihema, alikuwa Mzee Mbaruku mwenyewe, na misumari akaigongelea bure.