Uchungu Unapopumzika

Wapendwa, nipeni masikio yenu kidogo. Palikuwa na mama mmoja aliyempeleka mkamwana wake, mke wa mwanawe, kujifungua kwenye kituo cha afya. Walifika asubuhi, baridi ya milimani bado inauma. Mkamwana akaingia ndani. Mama akabaki kwenye benchi la nje na wanawake wengine, kila mmoja na beseni lake na khanga zake, wakisubiri.

Ikafika saa nne. Alimsikia mkamwana wake akiguna, kisha kimya. Akaguna tena, kisha kimya. Kile kimya ndicho kilichomtia hofu.

"Mama, huyo mkweo amekuja kujifungua au amepanga gesti?" mwenzake wa benchi akamtania. Wakacheka.

"Ana tumbo vivu," mwingine akadakia. "Linafanya kazi kidogo, linalala."

Ni nani kati yetu hajawahi kuchomwa na maneno ya benchi? Mama huyu alimpenda mkamwana wake, na mjukuu alikuwa ndiye wa kwanza. Ndani ya kikapu alikuwa na chupa ya uji, na uji ule ulichemshwa na mizizi, ile wanayonyweshwa wazazi ili uchungu uje mfululizo. Tangu nyumbani alikuwa anasita kuutoa. Sasa hakusita tena. Akachukua kikapu, akaingia.

Mkunga akamkuta anamimina. Akakichukua kikombe, akanusa.

"Mama, hii ni nini?"

"Uji tu, mwanangu."

"Uji gani unanuka hivi?"

Mama akainamisha kichwa. "Ni wa kumsaidia. Uchungu wake unakatikakatika. Tumbo limelala, na mjukuu wangu anachoka humo ndani."

Mkunga hakufoka. Alikiweka kikombe dirishani, akamwambia mama akunje ngumi na kuificha ndani ya mkono wa sweta alilovaa.

"Ngumi ni kichwa cha mtoto. Sweta ni mji wa mimba. Umejaa seli za misuli, ndogo, hazionekani kwa macho. Miezi yote tisa hazikulala, mama. Zilikuwa zinarefuka na kunenepa, zimetulia ili mtoto naye atulie. Siku zilipokaribia, zikafunguliana vijilango, ili moja ikiitwa zote zisikie. Leo zinavuta pamoja."

Akaushika mkono wa sweta, akauvuta juu kidogo, akauachia. "Umerudi ulipokuwa?"

"Haujarudi."

Akavuta tena, akaachia. Vifundo vya vidole vikaanza kuchungulia. "Ndivyo ilivyo. Uchungu ukipita misuli inalegea, lakini inabaki mifupi kidogo kuliko mwanzo. Ilichopata hairudishi."

"Sasa kwa nini inaacha? Si ivute moja kwa moja imalize?"

"Inapokaza, damu inayompelekea mtoto hewa inabanwa. Inapolegea, damu inapita. Kile kimya unachokiogopa ndipo mjukuu wako anapopata hewa, mama. Dawa kama hii inaweza kukaza bila kuachia."

Mama akakaa chini pale pale sakafuni, ngumi bado imo ndani ya sweta.

"Mwanangu wa kwanza alitoka bila kulia," akasema polepole. "Mama mkwe wangu alininywesha kikombe kizima. Na alikuwa ananipenda, mwanangu. Alikuwa ananipenda sana."

Mama akainuka mwenyewe, akakichukua kikombe na chupa, akaumwaga uji wote kwenye sinki. Kisha akamwendea mkamwana wake, akamshika mkono. Kimya kilipokuja tena, akamwinamia akamwambia, "Pumzika, mwanangu. Pumzika kabisa." Saa saba mchana mtoto akalia, na yule mama akalia kuliko mtoto.

Wapendwa, tusimcheke yule mama mkwe wa kwanza, aliyemnywesha mama huyu. Hakuwa mchawi. Alimpa mkamwana wake alichopewa yeye. Na sisi je? Ni mambo mangapi yalituumiza, nasi tunawapa wenzetu tukidhani tunawasaidia? Msichana akikaa nyumbani mwaka mmoja bila shule, tunasema amekwisha. Mjane akinyamaza, tunamwambia ajikaze, mbona sisi tulijikaza. Tunamkaza mtu mpaka anakosa hewa, halafu tunasema tulimpenda. Na ni kweli tulimpenda. Hilo ndilo linalotisha.

Na wewe unayesema Mungu amekusahau kwa kuwa hakuna kinachosogea, jiangalie vizuri. Uko pale pale ulipokuwa mwaka jana? Hauko.

Basi tukitoka hapa, turudi majumbani kwetu. Yupo mtu kule amenyamaza. Usimwulize atamaliza lini. Keti naye.