Pipa la Marehemu Pimbi

Jamani, nina ngano!
— Itoe!
Ni chungu kidogo!
— Itoe hivyo hivyo!

Paliondokea Bi Pimbi, mjane, akikaa kwenye majabali ya mlimani. Mumewe alikuwa mpikaji wa pombe kali ya mahindi. Alipika mara ya mwisho, akaifungia pombe miaka minne kwenye pipa lililochomwa moto ndani. Kisha akaihamishia kwenye pipa lililokuwa na mvinyo wa zabibu, pipa alilolichonga kwa meno yake mwenyewe.

"Ilale humu miezi sita, mke wangu. Tutaionja pamoja."

Mwezi wa tano akafa.

Mwezi wa sita Bi Pimbi akakaa mbele ya pipa, asithubutu kulizibua. Aonje na nani?

Mara, gidi! gidi! gidi! Nyati huyo, na pembe zake.

"Shemeji, pole na msiba. Nimekuja kuonja."

Hakungoja jibu. Akazibua, akachota kwa kata, gubu! gubu! gubu!

"Mahindi nayasikia. Na huu utamu wa nyuma umetoka wapi?"

"Kwenye mikono ya marehemu."

Gubu! gubu! gubu! "Mikono imezikwa. Utamu umetoka wapi?"

"Kwenye subira, shemeji."

Gubu! gubu! gubu! "Subira sina! Sema, la sivyo nabeba pombe yote!"

Moyo ulimwuma Bi Pimbi. Akashusha sauti. "Basi nakwambia wewe tu. Utamu umo kwenye pipa. Mbao zimekunywa mvinyo. Utie chochote humo, kitatoka hivi hivi."

"Hata maji?"

"Hata maji ya mto."

Macho ya Nyati yakamtoka. "Nataka pipa! Hii pombe imwage!"

"Niimwagie kwenye vibuyu, isije ikakulowesha mgongo."

Akakinga vibuyu saba, polepole, machozi yakimdondoka. Alipopapasa alama za meno ya mumewe kwenye mbao, mkono ulikataa kubanduka. Nyati akalivuta pipa, akalibeba, gidi! gidi! gidi! hadi mtoni. Akatia maji, akaonja. Maji. Akatia tena, akaonja. Maji. Mpaka leo yuko huko, anatia maji.

Na Bi Pimbi? Akamimina vikombe viwili. Akaonja kimoja. Kwanza yakaja mahindi ya kuchoma, zikafuata zabibu, halafu ukali ukamkaa kooni.

"Imeiva, baba watoto," akasema. "Imeiva kweli."

Cha pili hakikuwa na wa kukishika. Akalia, akalia hata jabali likalowa.

Ngano yangu imekauka!
— Ikaukie hapo hapo!

Na fundisho lake, watoto: semeni kweli daima, kama Bi Pimbi. Na mkishinda, chekeni sana. Hakuna aliyeshinda akalia.