Mama Aliyemwaga Maji Juu ya Paa la Gari

Palikuwa na mama mmoja, muuza masufuria, aliyeishi kwa kufuata minada. Leo yuko mji huu, keshokutwa mji ule. Usiku alitandika turubai pembeni ya mzigo wake akalala hapo na watoto wawili. Mvua ikinyesha, aliwafunika watoto kwa nailoni, yeye akanyeshewa. Msimu mmoja wa masika mtoto mdogo alishikwa na nimonia, nusura afe. Walipotoka hospitali yule mama akasema, masika mengine hayatatukuta chini.

Akauza shamba alilorithi kwa mama yake. Akasikia kuna mtu anauza gari la kulala, yale ya watalii, lenye kitanda nyuma, jiko dogo la gesi na sinki la kuoshea vyombo. Sasa shamba likishauzwa halirudi. Akikosea gari, amepoteza shamba, na watoto wanarudi kwenye turubai. Mnauona uzito wake?

Wengi wetu tunanunuaje gari? Tunafika mchana kweupe, limeoshwa, tairi zimepakwa dawa zinang'aa, injini imeshapashwa moto tangu asubuhi. Tunapiga honi, tunafungua redio, tunasema limekubali. Nani hapa hajawahi kununua ndoo ya nyanya, za juu nyekundu, za chini maji matupu?

Yule mama hakuwa na uwezo wa kununua gari mara mbili. Alimpigia simu mwenye gari, akamwomba asiliwashe mpaka afike. Maana injini mbovu ikishapata moto huficha ugonjwa wake. Alipofika alisalimia, kisha akaweka kiganja kwenye boneti. La moto.

"Kaka, umeliwasha."

"Nimelisogeza tu kivulini, mama."

"Basi tusubiri lipoe."

"Litapoa saa ngapi hilo?"

"Mimi nimekuja na viazi vyangu."

Akakaa juu ya jiwe, akafungua kitambaa, akamenya viazi vitamu. Akamkaribisha na mwenye gari. Yule bwana akala huku amenuna, lakini akala.

Gari lilipopoa, mama akamwambia aliwashe, yeye akasimama nyuma kutazama moshi. Haukuwa wa bluu, akashukuru kimoyomoyo, kwa kuwa moshi wa bluu ni gari linalokula oili. Akatandika kanga chini, akajilaza chali chini ya gari, akakwangua vyuma kwa bisibisi aone kama kutu imeingia ndani au imegusa juu tu. Ilikuwa juu tu. Akanusa mpira wa gesi. Akaitazama kadi ya gari, akaomba na kitambulisho cha mwenye gari, majina yakalingana. Akainua godoro, akashika mbao za kitanda. Zilikuwa na unyevunyevu. Akaomba ndoo ya maji na ngazi.

"Ya nini tena, mama? Gari nimeliosha jana."

"Umeliosha ubavuni, kaka. Mvua hainyeshi ubavuni."

Akapanda, akamwaga maji juu ya paa, pale kwenye kidirisha cha hewa. Akashuka, akaingia ndani, akalala kitandani na kusubiri. Tone la kwanza likamwangukia shavuni. La pili mdomoni.

Mwenye gari alikuwa amesimama mlangoni. Akainamisha kichwa.

"Nilijua utaliona," akasema. "Wawili wamelinunua kabla yako. Mvua ya kwanza tu, wakalirudisha na matusi juu. Haya, mama, nenda salama."

"Nani amekwambia naenda? Tafuta shahidi tuandikiane."

"Si umeona linavuja?"

"Nimeona. Injini nzima, chuma kizima, paa linavuja. Paa nitaliziba. Wenzangu walikutana na tone baada ya kununua. Mimi nimekutana nalo kabla. Sitakurudishia."

Akalichukua. Wiki ile ile akaziba paa, na masika yalipofika watoto walilala pakavu.

Sasa sisi, ndugu zangu. Tukikosea tunakwenda mbele za Mungu na kichwa chini kama yule mwenye gari mlangoni. Tunadhani leo ndiyo siku atakayogundua. Atagundua nini? Alitushika tukiwa baridi, asubuhi ya Jumatatu, wakati hakuna kwaya wala vigelegele vya kutupasha moto. Alijilaza chini yetu akakwangua kutu. Hasira yako, anaijua. Wivu wangu, anaujua. Alimwaga maji akalala pale pale tunapovuja, tone likamwangukia usoni, naye akasema, tuandikiane.

Wanadamu wameturudisha. Wengine humu mmerudishwa na waume, na marafiki, hata na ndugu wa tumbo moja, siku walipokutana na tone lenu la kwanza. Nawapa pole.

Sisemi kuvuja ni kuzuri. Godoro bichi ni godoro bichi. Kwa hiyo akija na ngazi kuziba, mpisheni apande. Lakini leo mkienda kulala, msimwombe asione. Mshukuruni kwamba aliona mapema, kabla ya kutoa chochote, na bado akatuchukua. Huyu harudishi.