Ndimbo na Kindege cha Siwema

Sogeeni niwape ya Ndimbo, mwenye ndege kubwa kumi na kichwa kikubwa kuzipita zote. Alitaka njia ya Mpanda, lakini uwanja ule mfupi ndege zake hazikuuweza. Akamwendea Siwema, mjane wa kaka yake, aliyekuwa akila kwa kindege kimoja.

"Nikodishie. Ukikataa, hutaruka tena nchi hii."

"Chukua, shemeji. Na wafanyakazi wangu?"

"Wanuka dhiki wale? Ndani ya ndege yenye rangi zangu sitaki hata mmoja!"

"Tuandike hivyo mkatabani?"

"Andika!"

Akatia sahihi huku anacheka. Siku ya uzinduzi tarumbeta zikalia, waziri akakaa kiti cha mbele ndani ya kindege. Marubani wa Ndimbo wakachungulia, wakashuka.

"Bosi, aina hii hatujaisomea. Tukiirusha tunafungwa."

"Nani kaisomea?"

"Wale wawili wa Siwema tu."

Ndimbo akamkimbilia mjane. "Shemeji, nipe marubani!"

"Wanuka dhiki? Mkataba wako umewakataa. Ila nimekuja na mkataba mwingine: ndege yangu, njia ya Mpanda yangu, wewe utawakatia abiria wangu tiketi."

Ndimbo akausaini mgongoni mwa mpiga tarumbeta, waziri anamtazama dirishani.